Volti Zinazopotea Njiani: Hesabu ya Umeme wa Kilwa

Gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974, lakini uzalishaji wake ulianza 2004. Bomba linapita chini ya bahari hadi pwani ya Somanga, kisha linashika njia ya kaskazini kuelekea Ubungo, Dar es Salaam. Somanga hiyo hiyo ndiko TANESCO ilikojenga kituo cha megawati 7.5 cha kufua umeme kwa gesi. Kutoka hapo hadi Kilwa Masoko ni makumi ya kilomita za waya, na kila mita ya waya inadai chake.

Kiasi kinachodaiwa kinahesabika. Mwaka 1827 Mjerumani Georg Ohm alichapisha kanuni ambayo mafundi wanaitumia hadi leo: volti ukizigawa kwa ampea, unapata ukinzani kwa omu. Volti hizo hizo ukizizidisha kwa ampea, unapata nguvu kwa wati. Ukiziunganisha kanuni hizi mbili inatoka ya tatu, na hiyo ndiyo inayoamua umeme usafirishwe vipi: joto linalopotea kwenye waya ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Mkondo ukiongezeka mara mbili, hasara inaongezeka mara nne.

Tuchukue waya wa alumini wenye unene wa milimita za mraba 100. Ukinzani wake ni kama omu 0.28 kwa kilomita. Kwa kilomita 60 ni omu 16.8. Megawati moja ikipita kwenye laini ya nyaya tatu kwa msongo wa kilovolti 33, kila waya unabeba kama ampea 17.5, na nyaya zote tatu kwa pamoja zinapoteza kilowati 15 hivi. Shusha msongo hadi kilovolti 11: ampea zinafika 52, na hasara inaruka hadi karibu kilowati 140. Kwa volti 400 za mtaani safari hiyo haiwezekani kabisa, kwa sababu zingehitajika ampea zaidi ya 1,400. Ndiyo maana umeme unasubiri hadi ufike karibu na nyumba ndipo transfoma ishushe volti.

Baada ya transfoma, mahesabu yanahamia jikoni. Jagi la umeme la wati 2,000 kwa volti 230 linavuta ampea 8.7, kwa hiyo ukinzani wake ni omu 26.45. Mtaa ulio mwisho wa laini, saa ambazo kila nyumba inapika, unaweza kupata volti 180 tu. Ukinzani wa jagi haubadiliki sana, hivyo mkondo unashuka hadi ampea 6.8 na nguvu hadi wati 1,225. Volti zimepungua kwa asilimia 22, nguvu imepungua kwa karibu asilimia 39. Lita 1.7 za maji zilizokuwa zikichemka kwa dakika nne na ushee sasa zinachukua saba.

Wengi huamini umeme mdogo unamaliza uniti za LUKU haraka. Kwa jagi, si kweli: maji yanahitaji nishati ile ile, kama uniti 0.14, ila yanachelewa. Friji ni jambo jingine. Mota yake inalazimika kusukuma mzigo ule ule, hivyo volti zikishuka inavuta ampea zaidi, inapata joto na hatimaye inaungua. Kwa mwenye kuhifadhi samaki kwenye friza Kilwa Kivinje, hiyo ni hasara ya mota pamoja na samaki waliomo.

Uniti zinazopotea kweli ni zile za upande wa ndani wa mita. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, uliovutwa mita 40 hadi banda la uani, una ukinzani wa karibu omu 0.93 kwenda na kurudi. Jagi likiwashwa kule bandani, wati 66 zinaishia kwenye waya, na mteja anazilipia.

Kibaya zaidi ni kiungo kilicholegea. Pwani hii hewa ya chumvi inakula skrubu za soketi na ncha za waya, na kutu hiyo inaongeza ukinzani mahali padogo sana. Fundi anaweza kuupima kwa multimita bila kuzima umeme, mradi awe na mikono mikavu na vifaa vyenye kinga: anawasha jagi, anagusa pande zote mbili za kiungo, anasoma volti. Kiungo kizuri kinaonyesha karibu sifuri. Zikisomeka volti 4 huku mkondo ukiwa ampea 8, ukinzani ni omu 0.5 na joto ni wati 32, sawa na kichomeo cha fundi redio cha kuyeyushia risasi, na lote limekaa ndani ya soketi ya plastiki.