Mbwa Mzee Vitabuni

Katika majuma sita niliyoamriwa kukaa nyumbani bila ya kunyanyua kitu kizito, baada ya kufanyiwa operesheni ya tezi dume, nilisoma upya kila ukurasa niliokumbuka kuwa una mbwa mzee ndani yake. Sababu ilikuwa karibu sana nami. Hatua tatu kutoka kitandani pangu alilala mbwa wetu, Karani, mwenye umri wa miaka 14, ambaye miguu yake ya nyuma imekwisha nguvu. Jina hilo alipewa na wanachuo wangu, kwa kuwa alipokuwa mdogo alipenda kujilaza chini ya meza ya ofisi kana kwamba anangoja barua za kupigwa chapa. Nilistaafu ukuu wa chuo cha ualimu, naye akastaafu pamoja nami.

Nilitaka kuona waliotutangulia walisema nini juu ya hali kama yetu. Nimekuta mengi ya kusifu. Nimekuta pia jambo moja la kulalamikia, nalo ni kwamba waandishi, hata walio wakubwa kabisa, humfikia mbwa mzee wakiwa na haraka ya kumwona amekufa.

Tuanze na Homer, maana kila mtu huanzia kwake. Katika kitabu cha 17 cha utenzi wa Odyssey, Odysseus anarudi kwao Ithaca baada ya miaka 20, naye amegeuzwa sura akawa kama ombaomba, ili wale wanaomposa mkewe na kumalizia mali yake wasimtambue. Nje ya nyumba yake mwenyewe amelala Argos, mbwa aliyemlea kabla ya kwenda vita vya Troy. Zamani vijana walimchukua kuwinda mbuzi mwitu, paa na sungura. Sasa yuko juu ya lundo la samadi ya baghala na ng'ombe, na mwili umejaa kupe. Anamtambua bwana wake. Anatikisa mkia, analaza masikio, lakini hana nguvu ya kumsogelea. Odysseus anafuta chozi kwa siri, anamwuliza mchungaji aliyefuatana naye habari za mbwa yule, kisha safari inaendelea kuingia ndani. Argos anakata roho.

Sisi walimu wa fasihi tumezoea kuufundisha ukurasa huu kama somo la uaminifu. Ni sawa, lakini nionavyo mimi moyo wa ukurasa ule ni umbali uliopo baina ya wale wawili. Mbwa hawezi kwenda kwa bwana wake kwa sababu mwili umemkatalia. Bwana hawezi kwenda kwa mbwa wake kwa sababu akijulikana atauawa. Kati yao pana hatua chache tu za uwanja, na hakuna awezaye kuzivuka.

Nathubutu kusema kwamba nisingeliona hilo kama nisingelazwa. Usiku wa nne baada ya kutoka hospitali, nikiwa bado na mpira wa mkojo, nilimsikia Karani akijaribu kuinuka. Kucha ziliparuza saruji, akainuka nusu, akateleza, akaanguka. Akajaribu tena. Kilo zake ni kama 22, nami nilikuwa nimekatazwa hata kubeba ndoo ya maji. Nilimwita jina. Nikasikia mkia ukipiga sakafu mara mbili au tatu, halafu kimya, halafu maji yakitiririka kuelekea mlangoni. Mjukuu wangu wa darasa la sita, ambaye ndiye niliyekuwa nikiishi naye wakati huo, aliamka bila ya kuitwa, akawasha taa, akatutazama wote wawili, akaenda kuchukua kitambaa.

Baada ya usiku ule Homer alianza kuniudhi kwa jambo moja. Nani alikuwa akimlisha Argos? Yule mchungaji anaeleza kwamba bwana hayupo, na wajakazi hawamtunzi mbwa, kwa kuwa watumwa wasiposimamiwa hawafanyi kazi yao. Mshairi ametupa lawama kwa watumwa katika mistari michache, akapita. Lakini hakuna mbwa anayeishi miaka 20 juu ya lundo la samadi pasipo mtu wa kumtupia chochote. Lazima palikuwa na mtu: mwanamke wa jikoni aliyemwaga ukoko karibu naye, au mtoto wa mtumwa aliyempelekea mfupa. Mtu huyo hayumo katika utenzi mzima. Huyo ndiye niliyekuwa nikimtafuta katika vitabu vyote vingine.

Kwetu sisi tusimtafute mbali, maana hata mbwa mwenyewe ni haba. Katika Kiswahili jina lake ni tusi kabla halijawa jina la mnyama. Tazama hadithi ya Abdalla bin Fadhili katika Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu wawili waovu wanageuzwa mbwa, na ndugu yao analazimika kuwachapa kila usiku. Shaaban Robert alipotupa kisa cha namna hiyo katika Adili na Nduguze, wale ndugu wakawa manyani. Mbwa wametoka, manyani wameingia, na sijapata kusikia msomaji aliyewaulizia mbwa.

Hebu nieleze kazi yenyewe ilivyo, maana wahakiki hupenda kuzungumza juu ya huruma bila ya kutaja ndoo. Mbwa asiyeweza kuinuka lazima ageuzwe ubavu mara kwa mara, la sivyo atapata vidonda vya kulalia, kama mgonjwa yeyote wa wodini. Sakafu ya saruji inayong'aa ni adui yake, tulitandika magunia. Kumpeleka nje tulipitisha kanga chini ya tumbo, karibu na mapaja, mjukuu akashika ncha mbili juu, na mbwa akatembea kwa miguu ya mbele kama mkokoteni. Chakula kilikuwa ugali laini wenye mchuzi wa dagaa, bila kitunguu, kwa kuwa kitunguu humdhuru mbwa damu. Jirani mmoja mwenye nia njema alishauri kwamba, maadamu mimi nina vidonge vya maumivu na mbwa ana maumivu, tugawane. Daktari wa mifugo alikataa katakata. Alisema dawa kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo sisi tunazimeza bila ya kufikiri, zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili yake, nazo hupimwa kwa uzito wake. Mjukuu alifua shuka zangu na magunia ya Karani siku moja, katika mabeseni mawili tofauti. Niliona ameyatenga kwa uangalifu, na sikusema neno.

Sasa nije kwa John Steinbeck. Katika Of Mice and Men, riwaya fupi ya mwaka 1937 inayohusu vibarua wa mashamba ya California, yumo mzee Candy, mfagiaji aliyepoteza mkono katika ajali ya kazini, akalipwa dola 250. Ana mbwa aliyemlea tangu akiwa mtoto, ambaye zamani alikuwa hodari wa kuchunga kondoo. Kibarua mwenzake, Carlson, anasema mbwa ananuka, hana meno, haoni, hamfaidii Candy wala hajifaidii mwenyewe, na afadhali apigwe risasi. Candy anatazama huku na huku akitafuta wa kumtetea. Hapati. Carlson anamwongoza mbwa nje gizani, na mmoja anamkumbusha achukue koleo. Wanaobaki wanajaribu kucheza karata na kuzungumza, mazungumzo hayashiki, mpaka mlio unasikika, na mzee anageukia ukutani.

Sijui ukurasa mwingine ulioandikwa kwa ukimya wa namna hiyo. Lakini angalia tunavyoufundisha. Haraka haraka tunawaambia wanafunzi kwamba kifo hiki kinatabiri kifo cha Lennie, kwa kuwa bastola ni ile ile na risasi inaingia pale pale kisogoni. Ni kweli kabisa. Ila katika kuharakia ishara tumemruka mbwa. Mimi, nikiwa kitandani, niliona jambo la kutisha zaidi: kila hoja ya Carlson ni ya kweli. Mbwa ananuka. Mbwa hana meno. Kisichosemwa na yeyote katika chumba kile kilichojaa wanaume wenye nguvu ni kwamba mimi nitamfua, au leo nitaamka mimi. Wanampa Candy risasi ya bure na ahadi ya mtoto wa mbwa mwingine, lakini hakuna anayempa usiku wake mmoja. Na baadaye Candy anasema wazi kwamba yeye mwenyewe, siku atakaposhindwa kufagia, atafukuzwa. Amekwisha kuona jinsi inavyofanyika.

Nilikuwa katikati ya kitabu hicho mwanangu wa pili alipofika kutoka Dar es Salaam kunijulia hali. Aliniamkia, akanyamaza kitambo, akiangalia magunia.

"Baba, naomba nikuambie jambo, usinikasirikie," akasema. "Huyu mzee anateseka, na wewe unateseka kwa ajili yake. Tumwite daktari ampumzishe. Nitalipa mimi."

Sikukasirika. Hoja zake zilikuwa zile za Carlson, isipokuwa zimeoshwa kwa upendo, na mtu anayekupenda si rahisi kumjibu. Nilimwuliza tu kama usiku ule angeweza kuamka yeye, ili mtoto alale. Alicheka, lakini saa nane usiku nilimsikia akihangaika na ile kanga, akisema "pole mzee, pole mzee" huku mlango wa uani ukifunguliwa. Walikaa nje muda mrefu kwa baridi ile ya Njombe. Asubuhi hakurudia mazungumzo yale. Nami sikuyachokoza.

Msomaji asinielewe kwamba nasema mbwa asipumzishwe kamwe. Daktari amenitajia dalili: asipokula, asipoitika jina, maumivu yasipotulizwa na dawa. Hizo ninaziangalia kila siku, na siku hiyo ikifika nitapiga simu mwenyewe. Hapo ndipo J. M. Coetzee anaponisaidia kuliko wengine. Katika Disgrace, riwaya aliyoitoa mwaka 1999, mhadhiri aliyefukuzwa kazi anakuja kusaidia katika kliniki duni ya wanyama huko Afrika Kusini, ambako mbwa wasiotakiwa wanauawa kwa sindano. Kazi yake ni kuwashika mpaka mwisho. Halafu anaibeba mizoga hadi kwenye tanuri la hospitali na kuiingiza motoni kwa mkono wake, kwa sababu ameona wafanyakazi wakiipiga kwa koleo kuvunja miguu iliyokauka. Mtu wangu niliyekuwa nikimtafuta, yule wa kubeba, hatimaye nimempata kitabuni. Ila amekuja kuwabeba wakiwa wamekufa. Na mwisho wa riwaya, anapomtoa mbwa kijana kilema aliyempenda, ingawa angeweza kumbakisha juma moja zaidi, sijaridhika nao. Nimeusoma mara tatu. Mwandishi anataka mtu wake ajifunze kuachilia, na mbwa ndiye anayelipa ada ya somo hilo.

Aliyenituliza ni Plutarch, ambaye hata hakuwa akiandika juu ya mbwa. Alikuwa akieleza maisha ya Cato, yule Mrumi mkali na mbahili, aliyeshauri kwamba ng'ombe mzee auzwe, na mtumwa mzee auzwe, na mgonjwa pia. Plutarch, ambaye kwa kawaida ni mpole kwa watu wake wakubwa, hapo anasimamisha habari na kubishana naye. Mtu mwema, anasema, humtunza farasi aliyechakaa kwa kazi, na mbwa humtunza katika uzee wake, si katika utoto peke yake. Anataja mbwa wa Xanthippus, baba yake Pericles, ambaye watu wa Athens walipouhama mji mwaka 480 kabla ya Kristo aliogelea kando ya jahazi la bwana wake hadi Salamis, akafa kwa kuchoka, naye akazikwa kwa heshima. Anataja pia baghala mmoja aliyekuwa ameachiliwa apumzike baada ya kazi ya kujenga hekalu, naye akawa anarudi kwa hiari yake kuwaongoza wenzake mlimani. Wananchi wakapiga kura alishwe kwa gharama ya mji mpaka afe. Nilipofika hapo nilicheka mpaka mshono ukauma. Huyo ndiye mstaafu wa kwanza ninayemfahamu aliyepata haki zake bila ya kuzifuatilia.

Kisha Plutarch anasema kwamba yeye asingemwuza hata ng'ombe aliyemlimia kwa sababu tu amezeeka, sembuse binadamu mzee, kumtoa katika nyumba aliyoizoea kwa ajili ya vijisenti. Hakuna kifo katika sentensi hiyo, wala chozi la siri. Kuna nyumba, na mzee aliyeizoea. Nilimsomea mwanangu ukurasa huo kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama kile kipande cha zulia alichokipakia kwenye basi kimefika.