Nani Alivunja Nyumba ya Savi? Maudhui ya Familia katika A House for Mr Biswas

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, huenda ukauliza riwaya ya Kiingereza kutoka Trinidad yatuhusu nini sisi wa Kiswahili. Maudhui ya familia hujitokeza kila mara katika vitabu teule, na majibu tunayosahihisha yamezoea njia mbili tu: jamaa wengi chini ya paa moja ni umoja, au ni dhuluma. Riwaya hii ya V.S. Naipaul, iliyochapishwa mwaka wa 1961, inaonyesha kwamba yote mawili huweza kukaa nyumba moja.

Tuanze na mandhari. Kati ya 1845 na 1917, Wahindi wengi walipelekwa Trinidad kwa mikataba ili wafanye kazi katika mashamba ya miwa. Riwaya inasimulia maisha ya vizazi vyao. Mohun Biswas, mwandishi wa mabango asiye na baba wala mali, anaenda kuandika matangazo dukani mwa akina Tulsi. Anampa Shama kikaratasi cha mapenzi, na mara anajikuta ameozwa. Anahamia Hanuman House, ambako mabinti huolewa na waume ndio wanaohamia. Bi Tulsi na shemejiye, Seth, ndio wenye kauli. Jioni wazee hukusanyika nje ya jumba hilo wakizungumzia kurudi India, lakini hawarudi. Utagundua kuwa watu hawa wamejifunga pamoja kwa sababu ugenini hawana mwingine wa kumtegemea.

Biswas hawezi kuzoea. Silaha yake ni ulimi: wana wawili wa Bi Tulsi anawaita miungu wadogo, na jumba lenyewe analiita la nyani. Msomaji hucheka, lakini kicheko hicho kinatokana na uchungu wa mtu asiye na hata pembe moja ya kuita yake.

Kilele cha maudhui haya ni tukio la Krismasi. Biswas anamnunulia bintiye, Savi, nyumba ya mwanasesere ya bei ghali. Watoto wengine hawakupata kitu kama hicho. Dada zake Shama wananuna na kumtenga. Hatimaye Shama anaivunja nyumba hiyo, na amani inarudi.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu tukio hili, karibu wote walimlaani Shama. Ndipo msichana mmoja, anayelelewa kwa mjomba pamoja na binamu wengi, aliponiuliza: "Mwalimu, ukila peke yako mbele ya wenzako tisa, kesho utalala wapi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo simfundishi Shama kama msaliti. Alivunja zawadi ili mwanawe aendelee kuwa na mahali pa kulala. Hata hivyo, tusimsafishe kabisa: aliyelipia amani ile ni mtoto ambaye hakuwa na kosa.

Kuna kinaya zaidi. Biswas anapougua akili huko Green Vale, anarudishwa Hanuman House na kuuguzwa. Nyumba iliyomnyima nafasi ndiyo inayompa hifadhi. Mwishoni anapata nyumba yake Port of Spain, yenye kasoro na deni, na anafia humo akiwa na umri wa miaka 46. Nyumba hiyo ni jazanda ya utu wake: afadhali chako kibovu kuliko kizuri cha kuazima.

Riwaya ina udhaifu. Wanawake wa jumba hilo tunawaona zaidi kwa macho ya Biswas. Dada zake Shama wanajitokeza kama kundi, na mzigo wa Bi Tulsi, mjane anayelisha umati ule, hatuoneshwi vya kutosha.

Basi mtahiniwa, ukiulizwa ujadili maudhui ya familia, usikimbilie kusifu wala kulaani. Jiulize: nani ana ufunguo? Nani anapika? Nani analala wapi? Akiugua mmoja, nani anamwuguza? Toa ushahidi kwa kila jibu. Nawe mwalimu, kabla ya kulisomesha darasa lako maudhui haya, kumbuka kuwa wamo wanaoyaishi, na huenda wakakifahamu kitabu kuliko wewe.