Mwasi Hutengenezwa Mlangoni

Kinampanda, kule wilayani Iramba, wengi wanaijua kwa chuo chake cha ualimu. Mimi naikumbuka kwa kibanda cha kuchajia simu kando ya barabara. Kijana mwenye kibanda ana kompyuta mpakato iliyopasuka kioo, na ndani yake kuna muziki wa karibu kila mtu aliyewahi kushika maiki Tanzania. Unampa memori kadi na buku, anakujazia nyimbo. Ulikuwa msimu wa alizeti, mashine ya kukamulia mafuta ikinguruma jirani, kwa hiyo kila mteja ilibidi aagize kwa sauti ya kugombana.

Akaja dogo mmoja mwenye sweta la shule, kidato cha pili au cha tatu. Akatoa kifuniko cha bikipeni, akakigonga kiganjani, ikadondoka memori kadi. Shuleni kwao simu ni marufuku. Ikionekana inachukuliwa na mzazi anaitwa. Akaagiza singeli zilizotoka mwezi ule, amapiano, za Zuchu chache, "na kwaya mbili za mama, hizo weka mwanzoni." Kwa nini mwanzoni? Nilielewa baadaye: mama akiwasha akutane na Bwana Yesu kwanza.

Katika oda nzima hakukuwa na msanii hata mmoja ambaye mzazi angemkataza kwa sababu ya msimamo wake. Sisi tuliokuwa na umri wa dogo yule mwishoni mwa miaka ya 1990 tunalishangaa hilo. Kwetu msanii asiyeitwa mhuni hakuwa msanii, na muziki wenyewe watu wazima waliuita wa kihuni. Ndiyo maana swali la kama muziki wa vijana bado unahitaji nyota waasi au la, silichukulii kama swali la maadili. Nalichukulia kama fundi redio anavyoichukulia redio iliyonyamaza: fungua mfuniko, tazama kifaa kipi kilikuwa kinafanya kazi gani.

Kifaa cha kwanza si msanii. Ni mlango. Hadi sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua njia kwa vituo binafsi, redio ilikuwa ya serikali, na wimbo usiopita pale uliishia ukumbini. Radio One ilipoanza 1994, na vingine vikafuata, mlango uliongezeka upana lakini ulibaki mlango: kulikuwa na mtangazaji wa kumbembeleza, msambazaji wa kanda wa Kariakoo wa kumsubiri, na mzazi aliyekuwa na redio moja sebuleni. Kijana wa Iramba alisikia alichoruhusiwa kusikia na watu wawili asiowajua na mmoja anayemjua sana.

Mahali kama hapo nyota mwasi ana kazi maalumu. Yeye ndiye anayepita mlangoni kwa niaba ya wote. Joseph Mbilinyi, tuliyemwita Mr. II na sasa Sugu, alipotoa "Hali Halisi" mwaka 1998, mvulana wa miaka kumi na tano hakuhitaji kufanya uasi wowote yeye mwenyewe. Ilimtosha kuongeza sauti.

Lakini kuongeza sauti si ufundi. Ufundi tuutafute kwenye "Ndio Mzee" ya Professor Jay, ya 2001, maana sidhani kuna wimbo wa Kiswahili wa kizazi kile uliojengwa kwa akili zaidi. Angeweza kumshambulia mwanasiasa. Badala yake alivaa koti lake. Wimbo mzima ni hotuba ya mgombea jukwaani, anaahidi makubwa kisha makubwa zaidi, na umati unamwitikia kwa maneno yaleyale ya kwenye jina la wimbo. Mtunzi hatoi hukumu popote. Anaziacha ahadi zivimbe mpaka zipasuke zenyewe, na kicheko kinampata msikilizaji kabla hajajua anamcheka nani. Kisha angalia mtego uliomo kwenye kiitikio: ukiimba nacho, na kila mtu aliimba nacho, wewe ndiye umati unaodanganywa. Mlinzi wa mlango angekata nini hapo? Hakuna tusi. Hakuna jina. Kuna mtu anayeahidi maendeleo, na wananchi wanaomkubali.

(Haule, yaani Professor Jay, baadaye alisimama kwenye majukwaa ya kweli na kuwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Sugu alimtangulia bungeni kwa miaka mitano, akitokea Mbeya Mjini. Sijui kama kuna nchi nyingine iliyowachukua waasi wake wa muziki na kuwapa viti vya bunge kwa utaratibu namna hiyo. Uganda ilimchukua Bobi Wine mwaka 2017, lakini yeye hakutulia kitini.)

Sasa twende Machi 2017, kwa sababu hapo ndipo mashine nzima ilionekana ikifanya kazi, mfuniko ukiwa wazi. Nay wa Mitego alitoa "Wapo". Tuanze na jina, maana nusu ya ufundi iko humo. "Wapo" ni neno linalothibitisha kuwepo kwa watu bila kusema ni akina nani. Kiswahili kina tabia hii tangu zamani. Taarabu imeishi kwayo, mwimbaji anatupa kombora ukumbini na kila mwenye kidonda anajishika mwenyewe. Nay aliitumia tabia hiyo kama ngao. Anayekasirika lazima kwanza akiri kwamba yumo.

Tarehe 26 mwezi ule polisi walimkamata mkoani Morogoro, na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likaufungia wimbo. Kufikia hapo ni hadithi ya kawaida: mlango umefungwa, mwasi amezaliwa, na vijana ambao hawakuwa na habari na wimbo sasa wanautafuta. Siku iliyofuata Waziri Harrison Mwakyembe, aliyekuwa na siku chache tu ofisini, akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda wimbo. Msanii aachiwe, wimbo upigwe, tena uboreshwe kwa kuongezewa watu wengine wa kusemwa, wakiwamo wakwepa kodi.

Kwa jicho la fundi, pigo lile lilikuwa kali kuliko marufuku. Marufuku humfanya msanii kuwa mwasi. Ruhusa yenye mapendekezo humfanya kuwa mwandishi wa rasimu. Wimbo uliokuwa ukimnyooshea kidole asiyetajwa ulirudi mitaani ukiwa na baraka ya mkubwa kuliko wote. Ulichezwa sana, kweli. Lakini kijana wa kidato cha pili hawezi kumuudhi mtu yeyote kwa wimbo ambao Rais anaupenda.

Siku tisa baadaye, usiku wa Aprili 5, rapa Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa kutoka studio ya Tongwe Records, Dar es Salaam. Walipatikana Aprili 8, na Roma alipowakabili waandishi wa habari alikuwa na majeraha. Waliowachukua walibaki na jina lile ambalo Watanzania tulilizoea miaka ile: watu wasiojulikana. Nimeyafikiria sana maneno hayo mawili yakiwa pamoja, "wapo" na "wasiojulikana". Ni sarufi ileile. Kumtaja mtu bila kumtaja ilikuwa silaha ya mwimbaji. Ndani ya wiki mbili ikageuka kuwa silaha dhidi yake. Hapo ndipo bei ya kuwa nyota mwasi ilipoandikwa kwa herufi ambazo hata mtoto wa Kinampanda aliweza kuzisoma. Mbunge wa jimbo lake, Mwigulu Nchemba, ndiye aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo.

Baada ya hapo mambo yaliharakishwa. Februari 2018 ilitoka orodha ya nyimbo zaidi ya kumi zisizoruhusiwa hewani. Ukiisoma leo unacheka: Diamond na Jux wamo, singeli ya Man Fongo imo, Snura yumo, Roma yumo, Nay yumo, kama vile mwimba mahaba na mwimba siasa wana kosa moja. Desemba mwaka huohuo Diamond na Rayvanny wakafungiwa kwa sababu ya "Mwanza". Wakaomba radhi hadharani, wakafunguliwa. Wengi waliona woga katika radhi ile. Mimi naona hesabu. Kufikia wakati ule Diamond alikuwa na lebo, redio, televisheni na matamasha, na watu waliokuwa wakingoja mshahara mwisho wa mwezi. Mwasi hana orodha ya mishahara. Nyota wa pop wa sasa anayo, na hiyo peke yake inaeleza mengi zaidi kuhusu kimya chake kuliko hotuba yoyote juu ya kizazi kilichopotea.

Je, vijana wamekaa bila uasi? Hapana. Umehama tu kutoka kwenye maneno ya nyota kwenda kwenye sauti yenyewe. Chukua singeli aliyoagiza yule dogo. Ilizaliwa kwenye vigodoro vya uswahilini Dar es Salaam, madijei walipochukua vipande vya ala vya taarabu na kuvikimbiza, huku MC akimwaga maneno juu yake. Leo mapigo yake yanazidi 200 kwa dakika, na mengine yanakaribia 300, wakati bongo fleva ya kawaida inatembea karibu na 100. Hapo hakuna haja ya msimamo. Mtu mzima anafukuzwa na mwendo. Hawezi kufuata maneno, hawezi kucheza bila kuumwa kiuno, na baada ya dakika mbili anaomba ipunguzwe. Mlango umejengwa ndani ya wimbo, na safari hii wanaobaki nje ni wazazi.

Wala uasi wa namna hii si mpya, tusijidanganye. Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, na ilipoanza Januari 1969 ilikamata sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Hakukuwa na nyota yeyote wa kufungiwa. Suruali ilitosha.

Ushahidi mkubwa zaidi ulikuja kutoka kwa jirani. Juni 2024 vijana wa Kenya walipojaa barabarani kuupinga Muswada wa Fedha, nyimbo za malalamiko zilikuwapo tele. King Kaka aliwahi kuwasema wapiga kura kwa ukali mwaka 2019, na Eric Wainaina aliimba juu ya rushwa tangu 2001. Lakini kibao kilichotawala maandamano kilikuwa "Anguka Nayo" cha Wadagliz, wimbo wa kucheza, uliotengenezwa watu waanguke nao ukumbini. Waandamanaji waliuchukua ulivyo, wakaujaza maana yao wenyewe mbele ya magari ya maji ya polisi. Watunzi hawakuandika ilani. Umati uliiandika kwa miguu. Aliyekuwa na umri wangu akasubiri nyota apande gari na kuongoza wimbo, alisubiri bure.

Nitakayebishana naye ni yule anayesema kwamba basi nyota mwasi amekufa na azikwe. Mashine haijafa, imezimwa tu. Kila anayefungia wimbo anaiwasha upya, kwa gharama zake, na anampa msanii umri mpya wa ujana ambao msanii mwenyewe hakuwa nao tena. Nay wa Mitego amekaa kwenye vichwa vya habari miaka yote hii kwa kusukumwa zaidi na walinzi wa mlango kuliko na mashabiki wa miaka kumi na sita. Anayemhitaji mwasi leo ni anayemfungia. Kijana wa pop anahitaji kitu kimoja tu ambacho nyumbani hawakijui, na hicho kinaingia ndani ya kifuniko cha bikipeni.

Jua lilipoanza kushuka mashine ya alizeti ilizimwa, tukaanza kusikilizana. Mwenye kibanda akanigeukia: "Mzee, na wewe nikuwekee chochote?" Nikamuuliza kama "Wapo" anayo.

"Ipo," akasema, akiitafuta kwa kidole kwenye kioo kilichopasuka. "Ila haijaombwa siku nyingi."