Mwalimu Aliyekaa

Watu wanapomsifu mwalimu mmisionari wa kujitolea, mara nyingi husifu siku moja tu ya maisha yake: siku aliyofunga sanduku, akaaga wazazi, akapanda meli au ndege. Hutajwa raha alizoziacha, mshahara aliousamehe na homa iliyokuwa ikimngoja. Sina neno baya juu ya sadaka hiyo, maana wapo walioilipia kwa uhai wao, na makaburi yao tunayaona Unguja, Magila na Masasi. Ila naona sifa imewekwa mahali pasipo pake. Kuondoka kwao ni uamuzi wa siku moja; kufundisha ni ufundi, na ufundi huo hauonekani bandarini. Unaonekana Jumanne ya kawaida, kipindi cha kwanza baada ya mapumziko, mwalimu anaposhika chaki kueleza upya jambo alilolieleza jana na darasa zima likabaki linamtazama. Hilo ndilo ninalomsifia. Na historia ya shule za misheni katika Afrika Mashariki, pamoja na mabaya yake, inaniunga mkono: kilichodumu kutoka kwa walimu hao kilitokana na kazi ya kila siku, iliyofanywa kwa miaka mingi mahali pamoja.

Tuanzie Unguja. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana zaidi kwa herufi zake UMCA, iliundwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1850, na mwaka 1864 Askofu William Tozer na kasisi Edward Steere wakafika Zanzibar. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliookolewa kutoka jahazi la watumwa, ambao Sultani Majid aliwakabidhi kwa misheni. Hebu litazame darasa hilo. Wanafunzi wametekwa, wameuzwa, wamekombolewa, na sasa wanaletwa mbele ya mgeni asiyeijua lugha yao, wala wao hawaijui yake. Hakuna kitabu cha kiada, hakuna mtaala, hakuna mkaguzi wa kumwelekeza mtu. Watumishi wa UMCA hawakulipwa mshahara. Walipewa makazi, chakula na posho kidogo. Steere alikuwa amesomea sheria, na angeweza kuanza kwa kuwafundisha watoto Kiingereza, kisha mengine yote yakafuata kwa lugha hiyo. Hakufanya hivyo. Aliketi na wasimulizi wa Unguja, akasikiliza na kuandika, na mwaka 1870 akatoa vitabu viwili: sarufi ya Kiswahili cha Zanzibar, na mkusanyiko wa hadithi kama wenyeji walivyomsimulia. Pia alijishughulisha na mashine ya kuchapia, ili wanafunzi wapate cha kusoma, nao wavulana wakafunzwa kazi hiyo ya kupanga herufi na kupiga chapa. Mpangilio huo wa mambo ndio unaonigusa. Mwalimu alianza kwa kuwa mwanafunzi, na aliendelea kuwa mwanafunzi hadi alipofariki mwaka 1882.

Matunda ya ufundi wa namna hiyo hayapimwi kwa idadi ya majengo. Mwaka 1887 kilichapishwa London kitabu chenye jina la shule yenyewe, Kiungani, iliyokuwa nje kidogo ya mji wa Unguja. Ndani yake mna masimulizi ya wavulana wa shule hiyo, Wayao, Wamakua na wengine, wakieleza hadithi za kwao na jinsi walivyotekwa na kufikishwa pwani. Waliandika wao, kwa Kiswahili. Mwalimu wao, Arthur Cornwallis Madan, akatafsiri. Kabla mtoto hajaweza kuweka kwenye karatasi siku aliyonyakuliwa kwa mama yake, mtu lazima awe amemfundisha kushika kalamu, kutenga maneno, kuweka nukta, kupanga tukio baada ya tukio. Na zaidi ya hayo, lazima mtoto amwamini mtu atakayeisoma karatasi hiyo. Imani ya namna hiyo hujengwa na mtu aliyepo asubuhi mstarini, aliyepo bwenini usiku kunapokuwa na mgonjwa, na ambaye mwakani atakuwepo vilevile. Mwaka uliofuata, 1888, Kiungani ilianza kutoa jarida la Kiswahili, Msimulizi, lililobeba habari kutoka vituo mbalimbali vya misheni. Madan mwenyewe aliendelea na kazi ya maneno hadi akatoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894 na ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903, na kamusi sanifu ya mwaka 1939 ilijengwa juu ya msingi wake. Kamusi kama hiyo haitungwi na mtu aliyekuja kwa likizo. Na haitungwi na Mwingereza peke yake. Kila ukurasa wake una deni kwa wanafunzi na majirani walioulizwa maswali yasiyokwisha na wakayajibu.

Nimetaja vitabu kwa sababu ndivyo ushahidi unaoshikika, lakini sehemu kubwa ya ufundi huu haiachi alama yoyote. Chukua kusahihisha madaftari, kazi ambayo kila mwalimu huifahamu na wachache huiheshimu. Mtoto amepewa hesabu ya kutoa 387 katika 1,000, naye ameandika 1,387. Mwalimu mvivu huweka alama ya kosa na kuvuta daftari jingine. Mwalimu fundi husimama hapo. Anaona jibu limezidi namba ya mwanzo, kisha anatafuta sababu: mtoto hakujua la kufanya na sifuri, basi akageuza, akatoa sifuri katika 7, katika 8 na katika 3, na ile 1 akaishusha ilivyo. Kwa hiyo kutoa anakujua. Asichokijua ni kukopa. Kesho somo litaanzia hapo, na huenda nusu ya darasa ilikuwa na tatizo hilohilo na ikanyamaza. Zidisha kazi hiyo kwa madaftari ya darasa zima, kwa taa ya mafuta, baada ya siku iliyoanza na kengele ya alfajiri na ikapitia zamu ya jikoni na uwanja wa mpira. Hapo ndipo nia njema huisha, na anayeendelea huendelea kwa sababu amejifunza kuipenda kazi yenyewe.

Edward Carey Francis ni mfano wa mtu wa aina hiyo. Alikuwa mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1928 aliacha nafasi yake huko akaja Maseno, magharibi mwa Kenya, kuongoza shule ya misheni. Mwaka 1940 alihamia Alliance, shule iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, akawa mkuu wake hadi 1962. Mtu aliyesomesha hisabati za juu kabisa aliona inafaa kuketi kumwandikia mtoto wa shule ya msingi kitabu cha hesabu kwa Kiswahili, Hesabu za Kikwetu. Alipostaafu ukuu wa shule iliyokuwa na jina kuliko zote nchini, hakurudi Uingereza kupumzika. Alikwenda Pumwani, Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida katika shule ya sekondari ya mtaa ule, na aliendelea kufundisha hadi mauti yalipomkuta mwaka 1966. Kwangu miaka hiyo ya Pumwani ndiyo inayothibitisha kwamba alichokipenda mtu huyu kilikuwa darasa. Cheo kilikuwa kimekwisha, naye hakuona amepungukiwa.

Kuna pingamizi zito, na sitalipita kimya. Shule hizi zilikuwa mikononi mwa watu waliokuja kubadili dini za wenyeji, na nyingi zilifanya kazi chini ya kivuli cha utawala wa kikoloni. Alliance yenyewe ililea vijana kwa taratibu za Kiingereza. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu cha kumbukumbu zake cha mwaka 2012, ameeleza alivyosoma pale wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni nchini Kenya: shuleni kuna utulivu, nyumbani kijiji kimebomolewa na watu wamehamishwa kwa nguvu. Mwanasiasa Jaramogi Oginga Odinga, aliyesoma na kufundisha Maseno, alisimulia katika Not Yet Uhuru, mwaka 1967, alivyogongana na Carey Francis. Ushahidi wao naupokea wote. Siwezi kuutumia ufundi wa kusahihisha madaftari kuusafisha utawala uliowanyang'anya watu ardhi. Ninachosema ni kwamba ufundi huo una kipimo chake cha ndani, na kipimo hicho hakimpendelei mmisionari. Mwalimu aliyemfundisha kijana kusoma kwa makini na kujenga hoja amempa chombo cha kumhukumu hata yeye mwalimu, na Odinga na Ngũgĩ walikitumia bila woga. Kwa kipimo hichohicho, shule za kikoloni alizozieleza Ngũgĩ mwaka 1986, ambako mtoto aliadhibiwa kwa kusema Kigikuyu, zilishindwa kama shule kabla hata ya kushindwa kama siasa, maana ziliufunga mdomo wa mwanafunzi. Naamini Steere asingekubali kufundisha hivyo.

Wapo pia wanaosema kwamba mwalimu asiyelipwa huziba nafasi ya mwalimu mwenyeji na kuiondolea kazi yake thamani. Hoja hii ina nguvu zaidi leo kuliko zamani, hasa kwa vijana wanaokuja kwa wiki chache, wanapewa darasa bila kujua lugha, wanapiga picha na watoto, wanaondoka, na mwalimu wa zamu anabaki kufundisha upya mada ileile. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na anayeondoka kabla ya siku ya tatu hajawahi kulishika. Lakini mwalimu wa kujitolea anayeujua ufundi wake hufanya kazi ili nafasi yake ichukuliwe. John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano wa mwanzo, alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, mwanafunzi wa Kiungani, alikwenda kuhudumu na kufundisha Chitangali, kusini, mbali na Unguja alikolelewa, na mwaka 1890 akawa kasisi. Hapo kazi ilielekea pazuri, kisha wakubwa wa misheni wakasita: miongo mingi ilipita kabla Mwafrika hajakabidhiwa uaskofu. Walimu walikuwa wameandaa watu, na wenye madaraka hawakutaka kuwaona. Hilo ni kosa, na ni kosa la kuusaliti ufundi wenyewe.

Sasa njia imegeuka. Watawa na walimu wa Kenya, Uganda na Tanzania wanakwenda kufundisha Sudan Kusini na kwingineko, na kwa watoto wa huko wao ndio wageni. Kwa maaskofu, wachungaji na wakuu wa mashirika wanaowatuma nina ombi moja. Msiwatume kwa miezi. Wapeni mwaka mzima wa kujifunza lugha ya watoto kabla ya kuwakabidhi darasa, kisha wapeni miaka mitano ya kukaa, na tangu siku ya kwanza wawekeeni pembeni mwalimu mwenyeji atakayelichukua darasa hilo. Na kwa nauli ya kwenda na kurudi iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya vikundi vya wiki tatu, mlipieni mwalimu huyo mshahara wake.