Mafundi wa Kupima Nyota Zilizotuachia Dhahabu

Kakola, pembeni mwa mgodi wa Bulyanhulu, fundi wa dhahabu hapimwi kwa nguvu za mikono. Jiwe likishatoka duarani na kusagwa kwenye karasha, unga wake hupelekwa mwaloni, ukamwagiwa maji juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa gunia. Tope jepesi huteremka, kizito hubaki. Hapo ndipo fundi na mbabaishaji huachana. Fundi anajua maji yapite kwa kasi gani, gunia likung'utwe lini, na marudio yapi yasitupwe kwa sababu bado yana kitu. Katika tani nzima ya jiwe anatafuta gramu chache. Ukikaa naye utaona kwamba kazi yake kubwa ni kuamua nini kiende na maji.

Wanafalaki wanaopima nyota za nyutroni wanafanya kazi ya aina hiyo, na nyota hizo zina mkono wake katika dhahabu ya Bulyanhulu. Ufundi wao unastahili kutazamwa bila haraka.

Kwanza nyota yenyewe. Nyota iliyozaliwa na uzito unaozidi wa Jua mara nane au zaidi hutumia haidrojeni yake, kisha heli, kisha elementi nzito zaidi, mpaka kiini chake kinakuwa chuma. Kuunganisha chuma hakuzai nishati. Joto lililokuwa likisukuma kwenda nje linashindwa kubeba uzito, kiini kinaporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, na tabaka za nje zinalipuka. Mara nyingi kinachobaki ni tufe lenye kipenyo cha kilomita ishirini na kitu, ilhali uzito wake unazidi wa Jua zima. Protoni na elektroni zimebanwa zikawa nyutroni. Sentimita moja tu ya ujazo wake hubeba mamia ya mamilioni ya tani.

Nyota inaposinyaa hivyo, mzunguko wake huongezeka kasi na usumaku wake hukusanyika, ukazidi wa Dunia yetu takribani mara trilioni. Kutoka kwenye ncha zake za sumaku hutoka mihimili ya mawimbi ya redio. Kwa kuwa ncha hizo hazilingani na mhimili wa mzunguko, mihimili hiyo hufagia anga, na kila mhimili ukipita upande wetu antena hupokea pigo moja. Nyota ya nyutroni inayotufikia kwa mapigo ndiyo pulsa.

Walter Baade na Fritz Zwicky walipendekeza kuwapo kwa nyota za nyutroni mwaka 1934, miaka miwili tu baada ya James Chadwick kutangaza ugunduzi wa nyutroni yenyewe. Kwa zaidi ya miaka thelathini pendekezo hilo lilibaki kwenye karatasi. Kitu cha kilomita ishirini, kilicho mbali kiasi hicho, nani angekiona?

Aliyekiona alikuwa mwanafunzi. Jocelyn Bell, binti wa Ireland ya Kaskazini, alikuwa akisomea shahada ya uzamivu Cambridge chini ya Antony Hewish. Yeye na wenzake walitumia miaka miwili kujenga antena yao, wakipigilia nguzo kwa nyundo na kufunga nyaya juu ya uwanja wa karibu hekta mbili. Kazi ilipoanza mwaka 1967, matokeo yalitoka kwa wino juu ya karatasi, mita kama thelathini kwa siku, na msomaji wa karatasi hizo alikuwa yeye. Ilibidi ajifunze kutambua kwa macho mchoro wa chanzo halisi cha angani, na mchoro wa uchafu unaoletwa na magari, ndege au vituo vya redio.

Mwezi Agosti aliona alama iliyochukua kama nusu sentimita katika karatasi ya zaidi ya mita mia moja. Haikufanana na chanzo alichokuwa akikitafuta, wala haikufanana na uchafu. Angeweza kuiacha ipite. Badala yake alirudi kwenye karatasi za nyuma, akaikuta tena mahali pale pale angani. Kilichomshika ni saa yake. Kelele za binadamu hufuata saa ya binadamu, lakini alama hii ilikuwa ikiwahi kwa dakika nne kila siku, na hiyo ni desturi ya nyota. Kila anayetazama Kilimia anajua kwamba nyota hazichomozi saa ile ile mwaka mzima.

Ili kuifungua alama hiyo ilibidi karatasi ikimbie kwa kasi zaidi katika dakika zile chache chanzo kilipopita juu. Wiki kadhaa zilipita bila mafanikio kwa sababu chanzo kilikuwa kimefifia. Tarehe 28 Novemba 1967 kalamu iliandika mapigo yaliyopangana sawasawa, moja kila baada ya sekunde 1.33. Utaratibu huo ulitisha kiasi kwamba kwa mzaha walikipa chanzo jina la vijitu vya kijani. Desemba Bell akapata chanzo cha pili, upande mwingine kabisa wa anga, na mzaha ukaisha: haikuelekea viumbe wa sehemu mbili wapige ngoma moja kwa wakati mmoja. Taarifa ilichapishwa Februari 1968. Mwaka huo huo Thomas Gold alieleza kwamba hizi ni nyota za nyutroni zinazozunguka, akatabiri kwamba mwendo wao utapungua kidogo kidogo. Pulsa iliyo katika mabaki ya nyota ambayo Wachina waliandika kulipuka kwake mwaka 1054 ikathibitisha utabiri huo. Huzunguka karibu mara thelathini kwa sekunde, na mzunguko wake hurefuka kila siku kwa chini ya sehemu arobaini za bilioni moja ya sekunde.

Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 ilikwenda kwa Hewish na Martin Ryle, Bell akaachwa. Mwaka 2018 alipopewa tuzo nyingine ya dola milioni 3, alizitoa zote kuwasomesha wanafunzi wa fizikia kutoka makundi yasiyopata nafasi kirahisi.

Kipimo cha sehemu za bilioni ya sekunde kinapatikanaje? Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Pigo moja la pulsa kwa kawaida ni dhaifu, limezama ndani ya kelele. Kwa hiyo wapimaji hukata rekodi katika vipande vyenye urefu wa mzunguko mmoja, wakavipanga kimoja juu ya kingine kwa maelfu, wakavijumlisha. Kelele hubatilishana zenyewe, pigo huinuka. Wakikosea urefu wa mzunguko hata kwa sehemu ndogo mno, mapigo hayakutani na jumla yao inakuwa ukungu mtupu. Kisha kuna gesi nyembamba iliyo kati ya nyota, ambayo huchelewesha mawimbi marefu kuliko mafupi, kwa hiyo kila bendi ya redio hurudishwa nyuma kwa kipimo chake. Halafu Dunia nayo haitulii. Ikiwa upande mmoja wa Jua pigo huwahi kwa dakika kadhaa, ikiwa upande wa pili huchelewa. Mpimaji hutoa mwendo wa Dunia, hutoa vuto la sayari, husahihisha saa zake, ndipo anapobaki na saa ya nyota peke yake. Pulsa iliyogunduliwa mwaka 1982 huzunguka mara 642 kwa sekunde, yaani zaidi ya milioni 55 kwa siku, na wahesabuji wanaweza kukaa miezi na miaka bila kupotewa na mzunguko hata mmoja.

Afrika Mashariki ilikuwa na nafasi katika kazi hii mapema. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha uhuru, Waitaliano walirusha setilaiti ya Marekani kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na wenyeji wake. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kuundwa kwa ajili ya kutazama miali ya eksirei ya angani, ambayo hewa yetu huizuia isifike ardhini. Mahali hapakuchaguliwa kwa bahati. Karibu na ikweta Dunia huipa roketi msukumo zaidi wa kuelekea mashariki, na njia iliyo juu ya ikweta huepuka sehemu za mionzi mikali ambayo ingevuruga vipimo.

Uhuru ilipoelekezwa kwenye chanzo kiitwacho Centaurus X-3, ilipokea mapigo kila baada ya sekunde 4.8. Kila siku mbili na saa mbili hivi chanzo kilizimika kwa karibu nusu siku, kisha kikarudi. Wapimaji waliona pia kwamba mapigo yalikaribiana na kuachana kidogo kwa utaratibu ule ule. Wakaunganisha mambo hayo mawili: nyota ya nyutroni ilikuwa ikizunguka nyota kubwa, na ilikuwa ikipita nyuma yake. Gesi ya mwenzake huvutwa, huanguka kwa kasi kubwa, hupata joto la mamilioni ya digrii na kutoa eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobel mwaka 2002.

Mwaka 1974, Russell Hulse na Joseph Taylor walikuta pulsa inayozungukana na nyota nyingine ya nyutroni kila saa saba na dakika arobaini na tano. Kwa miaka mingi ya kuhesabu mapigo iligundulika kwamba njia yao inafupika kwa kiasi kile kile kilichotabiriwa na nadharia ya Einstein, kwa kuwa nishati inatoka kama mawimbi ya uvutano. Siku moja, baada ya miaka kama milioni 300, zitagongana. Wanafalaki wakajua la kufanya: watafute jozi nyingine iliyofikia mwisho wake.

Mwaka 2017 Watanzania wengi walikuwa na hesabu yao. Mwezi Machi Rais John Magufuli alizuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, kusafirishwa nje, na mwezi Mei kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikawasilisha ripoti yake. Nchi nzima ikawa inauliza makontena yaliyozuiwa bandarini yamebeba dhahabu kiasi gani, na serikali na kampuni zikapishana sana. Alhamisi ya tarehe 17 Agosti mwaka huo huo, saa tisa na dakika 41 alasiri kwa saa zetu, mitambo ya mawimbi ya uvutano ilipokea mtikisiko wa nyota mbili za nyutroni zilizogongana umbali wa miaka ya nuru milioni 130 hivi. Sekunde 1.7 baadaye setilaiti ikanasa miali ya gama. Saa chache baadaye darubini huko Chile zikaona nuru mpya kandokando ya kiini cha galaksi ya NGC 4993.

Nuru hiyo ilianza na ubuluu, ikageuka nyekundu katika siku chache. Kwa wasioifuatilia ilikuwa nukta inayofifia. Kwa mafundi ilikuwa mzani. Elementi nzito huzuia mwanga wa buluu, na mwozo wa nunurishi wa elementi changa huamua nuru ififie kwa kasi gani. Kwa kupima rangi na mfifio walikadiria kwamba takribani asilimia tano ya uzito wa Jua ilitupwa nje, na ndani yake kukiwa na dhahabu yenye uzito wa Dunia nzima mara kadhaa. Katika kumwagika huko viini vya atomi hupigwa na nyutroni upesi kuliko vinavyoweza kuoza, vikapanda kutoka uzito wa karibu na chuma hadi dhahabu yenye protoni 79. Migongano hii haiko peke yake. Utafiti wa karibuni unaonyesha kwamba milipuko ya nyota za nyutroni zenye usumaku mkali mno nayo imechangia.

Vumbi la matukio ya namna hiyo liliingia katika wingu lililozaa Jua na Dunia miaka bilioni 4.6 iliyopita. Dhahabu nyingi ya mwanzo ilizama na chuma katika kiini cha Dunia. Iliyobaki juu, pamoja na iliyoletwa na vimondo, ilisafirishwa na maji ya moto yaliyopenya nyufa za miamba ya kale kusini mwa Ziwa Viktoria, ikaganda pamoja na kwatsi, salfa na shaba. Shaba hiyo ndiyo sababu Bulyanhulu ikawa na makinikia. Leo wachimbaji wanaifuata mishipa hiyo zaidi ya kilomita moja chini ya ardhi.

Mitambo ya siku hizi ni mikubwa na ya gharama, lakini msingi wa ufundi haujabadilika tangu Bell akiwa na karatasi zake. Aliyeheshimu nusu sentimita aliyokuwa haielewi ndiye aliyefungua mlango, na kila kipimo kilichofuata kimepatikana kwa kutoa kelele moja baada ya nyingine, pasipo kutupa kilicho chema.

Walimu wa fizikia wa Msalala, Kahama na Geita mna bahati ambayo shule nyingi duniani hazina. Falaki inapofika kwenye somo, msianze na picha za kitabuni. Leteni darasani kipande cha kwatsi kutoka kwenye kifusi, mwulizeni mwanafunzi dhahabu iliyomo ilitengenezwa wapi, kisha mwacheni ahesabu.