Tupa Ndani ya Mkate: Filamu za Uhalifu za Uingereza na Kisa cha Fumo Liyongo

Imekuwa desturi ya wahakiki wa fasihi ya Kiswahili kuieleza hadithi ya uhalifu na upelelezi kuwa ni mgeni aliyeingia pamoja na ukoloni. Husemwa kwamba Muhammed Said Abdulla alimpa Bwana Msa kiko cha Sherlock Holmes, na Najum akapewa nafasi ya Watson. Faraji Katalambulla akafuata kwa Simu ya Kifo (1965). Kisha Elvis Musiba na Ben Mtobwa wakatia bastola, magari ya kasi na hoteli za fahari, vitu ambavyo mtazamaji wa sinema alikwisha kuvizoea. Maelezo haya yana ukweli wake. Kasoro imo katika hitimisho linaloambatishwa nayo, yaani kwamba maadamu kaida hizi ni za kigeni, basi kazi zenyewe hazina mizizi, na zinatosha kuwekwa katika fungu la fasihi pendwa na kuachwa huko. Makala haya yanakusudia kuzichukua kaida za filamu za uhalifu za Uingereza, ambazo aghalabu hudhaniwa kuwa chimbuko, na kuzipima kwa kisa kimoja cha visiwa vya Lamu kilichokuwa kikiimbwa na kusimuliwa kabla sinema haijabuniwa. Upimaji huo unaonyesha kwamba riwaya ya Kiswahili ya upelelezi inastahili kulaumiwa, lakini si kwa lile kosa inalolaumiwa kwalo.

Filamu za uhalifu za Uingereza, kwa wingi wake wote, zinaweza kugawanywa katika koo mbili. Ukoo wa kwanza huuliza nani aliyeua. Humo mna maiti, mna jumba, mna watu wachache wanaoshukiwa, na mna mpelelezi anayewakusanya chumbani mwishoni ili amtaje mkosaji. Ukoo huu umetoka moja kwa moja katika riwaya, na kwa mhakiki hauna mengi, kwa kuwa wahusika wake ni bapa kwa makusudi: kila mmoja ni kificho tu cha siri. Ukoo wa pili ni tajiri zaidi. Huo hauulizi nani aliyeua, kwani mtazamaji humjua tangu mapema. Huuliza nani atasaliti. Brighton Rock ya John Boulting (1947), iliyotokana na riwaya ya Graham Greene, ni ya ukoo huu. Vivyo hivyo Get Carter ya Mike Hodges (1971) na The Long Good Friday ya John Mackenzie (1980). Wahusika wake wanajulikana: mkuu wa genge anayejiona mfalme wa mji wake, kijana katili asiye na subira, mwanamke anayejua zaidi ya anavyodhaniwa, askari mwema au askari aliyenunuliwa, na juu ya wote, yule mtu wa karibu anayeuza siri.

Kisa cha Fumo Liyongo ni cha ukoo huo wa pili. Matini inayotumika hapa ni utenzi wa Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu, aliouandika mwaka 1913, ambao mwaka 1973 ulitolewa upya na Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya uhariri wa Abdilatif Abdalla. Masimulizi ya nathari yalikwisha kuchapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Zama za Liyongo mwenyewe zina mabishano mengi, na wataalamu wamemweka katika karne zinazopishana sana. Mjadala huo hauhusiki hapa. Kinachohusika ni kwamba mtunzi ni Mwamu, na mkosaji katika utenzi wake ni Sultani wa Pate. Msomaji anayekumbuka vita vya Shela vya miaka ya 1810, ambapo Lamu iliwashinda Pate na Wamazrui wa Mombasa, hatashangaa kuona kwamba mtunzi hakuuonea haya ufalme wa kisiwa jirani.

Mpango wa kisa, ukiondolewa vazi la beti, ni mpango wa filamu. Mtawala anamwogopa mtu mmoja mwenye nguvu na anayependwa na watu. Anakodi wauaji, Wasanye na Wadahalo, nao wanatega mtego wa urafiki: wale makoma kwa kikoa, kila siku mmoja wao apande mti awaangushie wenziwe, na siku ya zamu ya Liyongo apigwe mishale akiwa juu. Liyongo anachagua mkoma mrefu kuliko yote, hapandi, anayaangusha matunda kwa mshale. Mtego umeteguka bila neno la ugomvi. Hii ni kaida kongwe ya filamu za magenge: karamu ya kirafiki ambayo kila aliyeketi anajua kuwa si karamu, na ushindi wa shujaa ni kuonyesha kwamba amejua, kisha akaendelea kula.

Halafu huja gereza, na hapa ulinganisho unanoga. Mama anapeleka chakula kwa mkono wa kijakazi Saada. Walinzi wanakula kilicho kizuri, mfungwa anaachiwa makombo. Liyongo anampa Saada ujumbe kwa njia ya wimbo: mama apike mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa. Walinzi wanaudharau mkate wa wishwa, nao unamfikia mwenyewe. Tupa ndani ya mkate imekuwa kaida iliyochakaa hata ikageuzwa mzaha katika sinema za Magharibi; lakini katika mzaha huo kinachofichwa ni chuma tu. Kijumwa ameficha zaidi. Kinachompitisha mkate mlangoni ni tabaka: mlinzi hawezi kufikiri kwamba kitu cha maana kinaweza kukaa ndani ya chakula cha watumwa, wala kwamba kijakazi anaweza kubeba ujumbe. Dharau yao ndiyo iliyomfungulia mfungwa mlango.

Filamu moja ya Uingereza imelitumia wazo hilo hilo kwa ustadi, nayo ni The Ladykillers ya Alexander Mackendrick (1955). Genge linapanga chumba kwa Bi Wilberforce, kikongwe mjane, na ni yeye anayetumwa stesheni kulichukua sanduku lenye fedha zilizoibwa, kwa kuwa hakuna askari atakayemshuku. Tena, ili asisikie mashauri yao, wezi hao hujifanya wanamuziki, na sahani ya santuri huwapigia minueti ya Boccherini wao wakipanga wizi. Liyongo naye, alipoulizwa haja yake ya mwisho kabla ya kuuawa, aliomba gungu lichezwe. Na katika kishindo cha ala na vigelegele alikuwa akiikereza minyororo yake. Muziki kama pazia la tendo la siri haukungoja santuri. Lakini tazama tofauti. Bi Wilberforce, aliyebeba bila kujua, mwishoni anabaki na fedha zote, wezi wote wakiwa wamekufa. Saada, aliyeubeba ujumbe akaurudisha mkate, haonekani akipewa lolote. Utenzi unamhitaji, kisha unamwacha njiani. Wahakiki waliomsifu mama wa Liyongo kwa uerevu wake, nao ni wengi, wangefanya vema kuuliza kijakazi huyu angefanywa nini kama mlinzi mmoja tu angeumega mkate ule.

Msaliti ndiye kiini. Katika The Long Good Friday, Harold Shand anauona ufalme wake wa London ukilipuliwa kwa mabomu, anawasaka maadui wa nje, na mwishowe anagundua kwamba mlango ulifunguliwa na Jeff, msaidizi wake wa karibu. Katika Get Carter, Jack Carter anarudi Newcastle kuchunguza kifo cha nduguye, na kila hatua ya uchunguzi humrudisha ndani ya jamaa yake mwenyewe, hadi kwa binti ambaye huenda si mtoto wa nduguye bali wake. Kaida ni kwamba pigo hutoka ndani. Kijumwa ameifikisha kaida hii mwisho wake: msaliti ni mwana. Sultani anamwahidi kijana binti yake na cheo, naye anakwenda kumwuliza baba kitu gani kinaweza kumwua. Hapa utenzi unafanya jambo ambalo hakuna hata mojawapo ya filamu zilizotajwa iliyothubutu. Baba anatambua kwamba mwana ametumwa; anamwonya; na bado anamjibu, sindano ya shaba kitovuni. Shand alidanganywa. Carter hakujua. Liyongo alijua, akasema. Kama ni kiburi, kama ni uchovu, kama ni mapenzi ya mzazi asiyeweza kumnyima mwanawe hata roho yake, utenzi hauelezi, na kwa kutoeleza umemfanya Liyongo kuwa mhusika duara kuliko Carter, ambaye Hodges amemnyima kila kitu isipokuwa hasira. Na mwana hakuipata ahadi aliyoahidiwa. Filamu za Uingereza zinakubaliana na Lamu katika hili: mwenye kumtumia msaliti ndiye wa kwanza kumdharau.

Mwisho wa shujaa hutokea mahali pa maji. Carter anapigwa risasi ufukoni, na mawimbi yanaendelea kama kwamba hakuna lililotokea. Liyongo, akiisha kuchomwa, anainuka, anachukua uta wake, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuutia mshale, na anakufa katika hali hiyo. Mji mzima haufiki kisimani. Watu wanapata kiu kwa siku kadhaa. Mama anaombwa aje ambembeleze mwanawe. Hapana anayethubutu kusogea mpaka maiti inapoanguka yenyewe. Hili ni fumbo la upelelezi lililopinduliwa: mwuaji anajulikana, silaha inajulikana, sababu inajulikana, na kisichojulikana ni kama aliyeuawa amekufa. Aidha, katika filamu nyingi za Uingereza umma ni watazamaji waliojipanga nyuma ya kamba ya polisi. Katika utenzi umma unalipa. Dhambi iliyofanywa nyumbani mwa Sultani inakaa kwenye kisima cha watu wote.

Sasa yapo wapi mamlaka ya sheria? The Blue Lamp ya Basil Dearden (1950) inalijibu swali hili kwa namna ya Uingereza ya baada ya vita. Konstebo George Dixon, mzee mpole wa doria, anauawa na kijana mwenye bastola, na hapo hata wahalifu wa zamani wanaungana na polisi kumnasa muuaji katika uwanja wa mbio za mbwa wa White City. Sheria ni mali ya wote, hata ya wezi. Mhusika huyo alipendwa kiasi cha kufufuliwa katika televisheni na kuendelea kuanzia 1955 hadi 1976. Katika utenzi wa Lamu hakuna Dixon. Mwenye gereza, mwenye walinzi, mwenye kutoa hukumu, ndiye huyo huyo aliyekodi wauaji na aliyemnunua mwana. Sheria ndiyo genge.

Kwa kipimo hiki riwaya ya Kiswahili ya upelelezi inaonekana upya. Abdulla, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale yake ilishinda katika mashindano ya 1957-58 na kuchapishwa 1960, amechukua kiko na msaidizi kutoka London, lakini Bwana Msa si mtumishi wa serikali. Inspekta Seif wa polisi hufika nyuma yake. Isitoshe, siri zinazofichuliwa katika riwaya zake aghalabu ni za nasaba, mirathi na ndoa, nani mtoto wa nani, mambo ambayo katika miji ya mwambao yana uzito kuliko alama za vidole. Huyu hakuwaacha wazee wake mbali sana. Musiba amekwenda njia nyingine. Tangu Kufa na Kupona (1974), Willy Gamba ni mpelelezi wa serikali, anatumwa na wakubwa, na wakubwa hao hawaulizwi. Lengo lake, kupambana na maadui wa ukombozi wa Kusini mwa Afrika, lilikuwa la haki, na mhakiki wa miaka ile aliona vigumu kulilaumu. Lakini kifani riwaya hizo zimeipoteza ile shaka aliyokuwa nayo Kijumwa: kwamba anayetoa amri ya kumsaka mhalifu huenda ndiye anayepaswa kusakwa. Wahakiki walioshutumu uigaji waliihesabu mitindo ya mavazi na majina ya vinywaji, na shaka hiyo iliyotoweka hawakuitaja.

Laiti Bwana Msa angefika Pate asubuhi ile ya baada ya gungu, minyororo ikiwa imekatwa na walinzi wametawanyika, mtu wa kwanza ambaye angeketi naye ni Saada, na pengine kwa mara ya kwanza kijakazi huyo angeulizwa anajua nini. Willy Gamba angeanzia kwa Sultani, apokee maagizo.