Tundu Dogo Kama Choroko

Marehemu babu yangu mzaa mama alikuwa mwamba ngoma kule Pangani. Mbuzi akichinjwa mtaani, alifika mapema, si kwa ajili ya nyama bali kumsimamia mchunaji. Kisu kikiteleza na kuiparuza ngozi, hata kwa alama ndogo ya ukucha, babu aliinuka akaenda zake bila kuaga. Alijua ngozi ikishalowekwa, ikavutwa na kupigiliwa vijiti, ule mparuzo ungefunguka kama jicho. Watu walimwona ana maringo. Mimi mwenyewe nilikuja kumwelewa miaka thelathini baadaye, nimesimama kwenye banda la baridi huko Minnesota, kaskazini mwa Marekani, nikimtazama mzee jirani yangu akimvua mbweha ngozi yake kama fulana iliyombana.

Neno mbweha hutuchanganya. Kwetu mbweha ni yule bweha wa mbugani anayevizia masalia ya simba. Wa huku ni mwekundu kama kutu, mkia mnene wenye ncha nyeupe, miguu myeusi kana kwamba amekanyaga lami. Ukimwona kwenye theluji utadhani ni mnyama wa maana. Ukimtia kwenye mizani ni kilo tano hivi, basi. Kinachomkuza ni manyoya. Chini ya manyoya kuna kifua chembamba na ngozi laini inayochanika upesi, na jirani yangu, mwindaji, anataka ngozi yote, tangu puani hadi mkiani.

Ukimpiga kiumbe huyo kwa risasi ya kulungu, utakwenda kuokota vipande. Kwa hiyo mzee wangu huanza kuwinda jioni, mezani, bunduki ikiwa bado kabatini. Hupanga risasi zake kwenye kitambaa, akazitazama kama mama anayechagua mchele.

Uzito wa kichwa cha risasi hupimwa kwa punje, kipimo cha kale cha Waingereza kilichotokana na punje ya shayiri. Ratili moja ni punje 7,000. Pale mezani huwapo .223 Remington, ya tangu 1964, ndugu wa damu wa risasi ya jeshi, kichwa cha punje 55 kinachotoka mtutuni kwa karibu mita 1,000 kwa sekunde. Kando yake .22 Hornet, bibi kizee wa miaka ya 1930, mpole, punje 45, mwendo wa mita 800 na kitu. Na mwishoni, yenye kichwa chembamba kuliko penseli, .17 Remington ya mwaka 1971: kipenyo milimita 4.4, kichwa cha punje 25, yaani gramu moja na nusu hivi, kinachokwenda zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde.

Nilidhani kilicho chepesi na cha kasi mno ndicho kitakachoharibu. Mzee alicheka. Alinieleza kwamba kichwa kile kina gamba jembamba na tundu nchani. Kikiingia kifuani huvunjikavunjika humo humo na nguvu zake zote hubaki ndani. Mnyama huanguka alipo, na upande wa pili hakuna kinachotoka. Kinachochana ngozi ni ile risasi inayotoka, kwa sababu hutoka imeshapanuka, tena inasukuma mifupa mbele yake.

Lakini usidhani umeshapata jibu. Kichwa hicho hicho kikikutana na mfupa wa bega kabla hakijazama, hupasuka juu juu na kuchimba shimo upande ule ule ulikoingilia. Tena kile kinachotulia vizuri katika mita 150 huweza kulipuka kama yai katika mita 40, maana mwendo bado ni mkali. Ndiyo maana mzee hujaza risasi zake mwenyewe. Ana mizani ndogo kama ya sonara, na baruti huidondosha kwa kijiko, chembe kwa chembe. Kwenye Hornet hupunguza baruti kidogo, akaenda kupiga karatasi shambani, akarudi, akaandika kwenye daftari lenye madoa ya kahawa. Nililipekua daftari hilo. Lina majira ya baridi ishirini na moja, na hakuna mahali alipojisifu.

Wako wanaotumia risasi ya gamba zima, isiyopanuka: inaingia kwa tundu dogo na kutoka kwa tundu dogo. Kwenye ngozi ni safi kweli. Mzee haitaki. Mnyama aliyetobolewa hivyo huweza kukimbia mbali na kufia vichakani, na risasi yenyewe, juu ya ardhi iliyoganda kama zege, haijulikani itadunda wapi. "Ngozi nzima iliyo juu ya mbweha uliyempoteza," aliniuliza, "ni ngozi ya nani?" Nakubaliana naye. Fundi anayeokoa ngozi kwa kurefusha kifo cha mnyama kwangu si fundi, ni mchuuzi tu.

Mara moja aliniachia nipige. Ilikuwa alfajiri ya Desemba, baridi ikiuma meno. Tulikaa mgongo kwenye mti, mzee akapuliza filimbi yake inayolia kama sungura aliyeshikwa. Baada ya dakika kumi doa jekundu lilitokea ukingoni mwa shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, likaja mbio moja kwa moja kwetu. Mzee alinong'ona, "Ngoja ageuke." Sikungoja. Nilikuwa na ile .223 yenye ncha laini, na nikampiga akiwa ameelekea kwangu kwa mshazari, begani. Alikufa papo hapo, hilo nashukuru. Lakini nilipomgeuza, upande wa pili ngumi yangu iliingia.

Mzee hakunikaripia. Kule bandani alinichunia, akakwangua mafuta, akaosha damu kwa maji baridi, kisha akanikabidhi sindano na uzi. Tundu hushonwa upande wa nyama, ngozi ingali na unyevu. Ukiiacha ikauke ubaoni, litavutwa na kutanuka. Kwanza unapunguza kingo zilizochakaa, ndipo unashona kufuata mwelekeo wa manyoya, mishono ya karibu karibu, bila kukaza mno. Nilishona zaidi ya saa nzima, vidole vimekufa ganzi. Mzee alipitisha kitana juu, na kwa mbali usingejua. Kwa karibu nilijua mimi, na yeye, na mnunuzi yeyote mwenye macho angejua.

Wanunuzi wenyewe, kwa kweli, wamebaki wachache. Jimbo la California limepiga marufuku uuzaji wa manyoya mapya tangu 2023, na bei ya mbweha wa porini imeporomoka kiasi kwamba mara nyingi haifidii hata petroli. Wapo wanaosema mnyama yule aachwe tu na ngozi yake, na sina hoja ya kuwashinda. Mzee anajua yote hayo. Anaendelea kungoja hadi mwishoni mwa Novemba, manyoya yamekomaa na upande wa ndani wa ngozi umekuwa mweupe badala ya samawati, na anaendelea kupima baruti kana kwamba kuna mtu anayemkagua.

Januari iliyofuata nilikwenda naye tena, mikono mitupu. Alimwacha mbweha asogee, akamwacha apite, akamwacha asimame ubavu wazi. Ile ndogo ya punje 25 ililia mara moja, mlio mkavu kama kijiti kinachovunjika. Tulipomfikia sikuona kitu. Mzee alipiga magoti thelujini, akavua glavu, akaanza kupuliza manyoya taratibu nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, yakigawanyika na kujifunga, hadi akaliona: tundu dogo kama choroko, na doa moja la damu. Alimgeuza, akapuliza upande wa pili kutoka bega hadi nyonga. Hakuna.

Akabaki ameinama, kidole juu ya lile tundu.

"Nusu inchi nyuma ya hapo," alisema, "ingekuwa bora."